Kiunzi Kilichogeuzwa Nyuma Mbele

Fainali ya wanawake ya mita 100 kuruka viunzi kwenye Mashindano ya Riadha ya Afrika humalizika kwa sekunde 13 hivi, na miaka yote niliyoifuatilia, sisi wa Arusha na Moshi tumeisikiliza kama ngoma ya kijiji cha pili. Tunajua inapigwa, pengine hata tunausifu mdundo wake, lakini hakuna anayefikiri kwamba ni yetu. Mwaka 2018 pale Asaba, Nigeria, alishinda binti wa hukohuko, Tobi Amusan. Mwaka 2022 Mauritius, Amusan. Mwaka 2024 Douala, Cameroon, Amusan tena. Huku kwetu habari zote tatu zilipita kama mvua inayonyesha upande wa pili wa mlima.

Sina kinyongo na bingwa, nampenda mno. Ninachotaka kukijadili ni maelezo tunayojipa kila anaposhinda.

Nimeyasikia mara nyingi, kwenye vijiwe vya kahawa karibu na stendi ya Arusha, kwa makocha wa mitaani, hata kwa walimu wa michezo ninaowaheshimu. Wanasema watu wa Afrika Magharibi wana misuli na miguu mirefu, sisi wa nyanda za juu tumejaliwa pumzi. Wao mbio fupi, sisi mbio ndefu. Mungu kagawa, kila mtu ashike fungu lake. Ni maelezo matamu kwa sababu yanatusifu na papo hapo yanatuondolea kazi. Lakini si ya kweli, na wanaoyalipia ni mabinti wa miaka 12.

Tuanze na hiyo miguu mirefu. Amusan ana urefu wa mita 1.56. Ukimsimamisha kwenye foleni ya asubuhi ya shule yoyote ya sekondari ya wasichana pale Moshi, hutamwona kwa urahisi, maana wengi watakuwa wamemzidi. Kiunzi cha mbio zake kina sentimita 83.8, kwa hiyo kinamfika zaidi ya nusu ya mwili wake. Ni binti huyohuyo aliyekimbia sekunde 12.12 mjini Eugene, Marekani, tarehe 24 Julai 2022, kwenye nusu fainali ya ubingwa wa dunia, akaifuta rekodi ya dunia ya 12.20 aliyokuwa nayo Kendra Harrison wa Marekani. Wapo waliokataa kuamini. Michael Johnson, gwiji wa mita 200 na 400, alihoji hadharani kama saa zilikuwa sahihi. Siku hiyohiyo Amusan akarudi uwanjani kwa fainali, akakimbia 12.06. Upepo wa nyuma ulikuwa mita 2.5 kwa sekunde na kikomo ni 2.0, hivyo muda ule haukuandikwa kama rekodi. Dhahabu aliondoka nayo.

Twende kwenye nyanda za juu. John Akii-Bua alitoka Uganda, jirani yetu tunayechangia naye ziwa. Mwaka 1972 mjini Munich alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Nicholas Bett alikuwa Mkenya wa Bonde la Ufa, kulekule tunakosema watu huzaliwa na mapafu ya marathoni. Mwaka 2015 mjini Beijing alipangiwa njia ya tisa, ya pembeni kabisa, na akaibuka bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi kwa 47.79. Kama mwinuko wa ardhi ungekuwa unakataza viunzi, Bett angekatazwa wa kwanza.

Tena fainali ya Afrika ya wanawake tuliwahi kuletewa karibu kabisa. Mwaka 2010 mashindano yalifanyika Nairobi, mji ambao ukipanda basi la asubuhi Arusha ukapita Namanga, mchana umeshafika. Mshindi wa mita 100 kuruka viunzi alikuwa Seun Adigun wa Nigeria. Miaka minane baadaye dada huyo alikwenda Korea Kusini na wenzake wawili wakaiwakilisha Nigeria kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, katika mashindano ya kuteleza kwa gari la barafu. Nchi isiyo na theluji ilipata njia ya kuingia kwenye mbio za gari la barafu. Sisi tumeshindwa kupata njia ya kumfundisha binti wa Ngaramtoni kuruka kiunzi?

Hapa inabidi niingie ndani ya mbio zenyewe, kwa sababu naamini wengi wetu hatujawahi kuzitazama kwa makini, na ukishazielewa, hoja ya damu na misuli inayeyuka yenyewe.

Viunzi ni 10. Kutoka mstari wa kuanzia hadi cha kwanza ni mita 13. Kutoka kimoja hadi kingine ni mita 8.50. Baada ya cha mwisho zinabaki mita 10.50 hadi kwenye utepe. Kwa watu wazima vipimo hivi havibadiliki, uwe Douala, Eugene au uwanja wa shule. Mkimbiaji hupiga hatua nane hadi kiunzi cha kwanza, anaruka, kisha hatua tatu, anaruka, hatua tatu, anaruka, mpaka viishe. Zile mita 8.50 kwa kweli si zote za kukimbia. Anaondoka ardhini kama mita mbili kabla ya kiunzi na kutua kama mita moja baada yake, hivyo hatua tatu zinakaa ndani ya mita tano na nusu hivi. Bingwa hutumia takribani sekunde moja kutoka kiunzi hadi kiunzi. Hawezi kurefusha hatua kwa sababu ana nguvu, wala kuzifupisha kwa sababu amechoka. Akizidisha anakigonga kiunzi, akipunguza hakifikii. Mwenye mbio kali kuliko wote uwanjani anaweza kuwa wa mwisho kama hatua zake hazijakaa.

Uwanja mkongwe wa Arusha una jina la Sheikh Amri Abeid, na kwangu hilo lina maana zaidi ya kibao cha getini. Sheikh Amri alikuwa mshairi, na katika ushairi wetu alikuwa mtu wa kanuni: mizani ihesabiwe, vina viwe sawa, mshororo usipungue wala kuzidi. Kipande cha mshororo wa shairi letu la kawaida kina mizani nane. Hatua za kwanza za mkimbiaji wa viunzi ni nane. Namwazia mshairi huyo ameketi jukwaani, anahesabu kwa vidole: nane, kiunzi, tatu, kiunzi, tatu, kiunzi. Angezielewa mbio hizi mara moja. Huyu ni binti anayeghani kwa miguu, na kila anapotua ni kina. Akikosea mizani moja katikati, shairi lote limeharibika, hata kama sauti yake ni nzuri.

Na hakuna anayezaliwa na mizani. Hufundishwa utotoni, na huanzia kwenye kupotezewa woga.

Nina kovu chini ya goti la kulia, la urefu wa kidole gumba. Nililipata nikiwa kidato cha pili, katika shule moja ya Moshi. Walikuwa wamemwita fundi wa kuchomelea atengeneze viunzi vya mashindano ya wilaya. Fundi hakuwahi kuona kiunzi halisi, alipewa picha. Alitengeneza kwa nondo, vizito, vyenye miguu inayotokeza mbele na nyuma kama ya benchi. Vilikuwa vinne tu. Mwalimu akavipanga kwenye majani, akapima nafasi kwa hatua zake mwenyewe, na sisi wasichana tukasimama peku tukivitazama kama ng'ombe anavyotazama mto uliofurika. Mimi nilikuwa na mbio kuliko wenzangu, kwa hiyo nikatangulizwa. Cha kwanza nilikipita kwa kurukaruka tu kama mtoto anayevuka mfereji. Cha pili nilikigonga kwa goti, na hakikuanguka. Niliyeanguka ni mimi, na chenyewe kikabaki kimesimama juu yangu.

Kiunzi halisi kinaanguka. Kimeundwa ili kianguke. Miguu yake inatokeza upande mmoja tu, upande anaotokea mkimbiaji, hivyo ukikigonga ubao wa juu kinalala kwenda mbele na wewe unapita. Chini huwekwa vizito vya kusawazisha, kwa kipimo kwamba nguvu kama ya kilo 3.6 hadi 4 ikisukuma ubao katikati, kiunzi kiende. Kanuni za mchezo pia zinalijua hilo. Kukiangusha kiunzi peke yake hakukuondoi mashindanoni. Unaondolewa ukikiangusha kwa mkono, kwa mwili au kwa upande wa juu wa mguu unaotangulia, au mguu wako ukipita pembeni chini ya usawa wa ubao. Tazama fainali yoyote kubwa uone viunzi vinavyolala chini baada ya wakimbiaji kupita. Wanaovigonga ni mabingwa, na wanaendelea.

Sikulijua hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima. Miaka mingi niliamini kwamba nilishindwa kwa sababu mwili wangu haukuwa wa viunzi. Baada ya siku ile nilipelekwa mita 800, kisha mita 1,500, nikaambiwa hapo ndipo penye fungu langu. Mwalimu hakuwa na ubaya wowote. Alinihurumia, na alikuwa anafundisha kwa alichokuwa nacho. Lakini baadaye nimetembelea mashindano ya shule kadhaa katika mikoa hii miwili na nimeviona viunzi vya aina ileile, au viunzi vizuri vya kununua vilivyogeuzwa nyuma mbele, miguu ikiwa upande anakotua mkimbiaji. Kiunzi kizuri kilichogeuzwa hivyo ni kibaya kama cha nondo, kwa sababu ukikigonga kinakataa kulala. Msichana anayejifunza kwa kiunzi hicho anajifunza jambo moja tu, kuogopa. Akiogopa anaruka juu badala ya kupita, anapoteza mwendo, anafika kiunzi kinachofuata kwa mguu usio wake, anaogopa zaidi. Halafu sisi watazamaji tunasema hawa hawana asili ya viunzi.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini jezi ya Tanzania ni adimu kwenye fainali hii ya Afrika, jibu langu halianzii kwenye damu. Linaanzia kwenye miguu ya kiunzi.

Kuna jibu la pili ambalo watu hupenda kunipa. Wananiambia: hao Wanaijeria wametengenezwa Marekani, sisi hatuna pesa za kupeleka watoto huko. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Amusan alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na kocha aliyemjenga, Lacena Golding-Clarke, ni mkimbiaji wa zamani wa viunzi kutoka Jamaika. Nawal El Moutawakel wa Morocco naye alipitia Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa (Iowa State) kabla ya kushinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mjini Los Angeles mwaka 1984, kwa sekunde 54.61, mara ya kwanza kabisa mbio hizo za wanawake kuchezwa Olimpiki. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Amusan alikuwa bingwa wa Michezo ya Afrika mjini Brazzaville mwaka 2015, akiwa na miaka 18, kabla El Paso haijamfundisha chochote. Marekani ilimpokea binti anayejua kuruka viunzi, ikamwongezea. Chuo hakimwendei msichana wa miaka 18 ambaye hajawahi kuona kiunzi kinachoanguka.

Brazzaville hiyohiyo ina habari yetu, na inaniuma kwamba watoto wetu hawaijui. Mwaka 1965, Michezo ya Afrika ilipofanyika kwa mara ya kwanza katika mji huo, Theresia Dismas alirusha mkuki akaleta medali ya fedha, medali ya kwanza ya kimataifa kwa Tanzania. Kabla ya Filbert Bayi, kabla ya Suleiman Nyambui, kabla ya wanaume wote wa pumzi tunaowakumbuka kwa majina, alikuwepo mwanamke, na aliipata kwa mkuki. Mkuki ni mchezo wa ufundi: namna ya kushika, hatua za kuvuka, nyonga, pembe ya kuachia. Historia yetu ya riadha ilianza kwa mwanamke na ufundi. Hiyo imani kwamba sisi ni watu wa pumzi peke yake tumeivaa baadaye, mpaka tumesahau kwamba ni vazi.

Nataka nikae kidogo kwa Glory Alozie, kwa sababu vijana wengi hawamfahamu na kwa sababu sijawahi kumaliza kumfikiria. Naye alitoka Nigeria. Mwaka 1998 alikimbia 12.44, na rekodi hiyo ya Afrika ikakaa zaidi ya miaka 20 mpaka Amusan alipoifuta kwa 12.42 mjini Zurich, Septemba 2021. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwa Olimpiki. Mchumba wake, Hyginus Anugo, naye mwanariadha, aligongwa na gari hukohuko Sydney akafariki, siku chache kabla ya michezo kuanza. Alozie alikimbia. Alipata fedha kwa 12.68, nyuma ya Olga Shishigina wa Kazakhstan aliyekimbia 12.65. Sehemu tatu za mia za sekunde.

Nikifikiria zile hatua tatu, jinsi zisivyokubali kurefushwa wala kufupishwa, huwa najiuliza aliwezaje kuzihesabu akiwa na moyo wa namna ile. Pengine ndiyo faida ya kitu ulichofundishwa kikaingia mwilini. Akili ikizidiwa, miguu inaendelea kukumbuka. Baadaye alihamia Hispania na kuikimbilia nchi hiyo, na hilo ni jambo la kujadiliwa siku nyingine, jinsi Afrika inavyowapoteza wanariadha wake.

Sasa kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaolitoa wanaujua mchezo. Wanasema fedha ni kidogo, iwekeni penye mavuno. Alphonce Simbu ametwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, akimpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho kabisa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Barabara za Arusha alfajiri zimejaa wakimbiaji, Kilimanjaro Marathon inaijaza Moshi kila mwaka. Kwa nini tuache mbachao kwa msala upitao?

Simwambii mtu aache mbachao. Nawaheshimu Simbu na Shauri, na ningependa wapewe zaidi ya wanachopewa. Lakini wanaotoa hoja hii hawamwoni msichana mmoja. Ni yule wa darasa la sita ambaye anawaacha wenzake wote kwenye mita 100, kisha kwenye mita 3,000 anakuwa wa kumi na tano. Wapo wengi, kila mwalimu anawajua. Kwetu msichana huyo hana pa kwenda. Mwaka mmoja anasukumwa kwenye mbio ndefu, anachoka, anaacha, anaonekana mvivu. Tumeijenga riadha yetu yenye mlango mmoja, na asiyepita mlango huo tunasema hakuwa mwanariadha.

Na hata huyo wa mbio ndefu, mnayesema ndiye mavuno, anakihitaji kiunzi. Filbert Bayi wa Karatu, huyo tunayemkumbuka kwa rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alipata medali yake ya Olimpiki, fedha ya Moscow 1980, kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Peruth Chemutai wa Uganda alishinda dhahabu ya mbio hizo kwenye Olimpiki ya Tokyo kwa dakika 9:01.45, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata dhahabu ya Olimpiki. Mbio hizo zina viunzi 28 vya kawaida na mara saba za kuruka maji, na kwa wanawake kila kiunzi kina sentimita 76.2, kimo kilekile cha mita 400 kuruka viunzi. Tofauti ni kwamba hivi ni magogo mazito, havianguki. Aliyejifunza utotoni kwa kiunzi kinachoanguka atakuja kukipita kisichoanguka bila kutetemeka. Aliyeanzia kwenye nondo atafika kwenye lile gogo kama mimi nilivyofika kwenye kiunzi cha pili.

Kuhusu viwanja nitasema machache. Arusha inazungumzia uwanja mpya wa AFCON 2027, na ni fahari kuupata. Lakini nimekuwa nikisikia watu wa riadha wakisema tusubiri viwanja, tusubiri tartani, ile sakafu ya mpira ya kukimbilia, ndipo tuanze viunzi. Njia ya mita 100 iliyonyooka ipo karibu kila shule ya sekondari yenye kiwanja cha mpira. Chokaa ipo, na pasipo na chokaa majivu yapo. Mtoto wa miaka 12 hahitaji hata mita 8.50. Viunzi vinasogezwa karibu na kushushwa mpaka hatua zake tatu zikae, kisha kila muhula vinatanuliwa kidogo. Kosa kubwa ninaloliona shuleni ni kumpa mtoto nafasi za watu wazima siku ya kwanza. Anapiga hatua nne au tano, anabadilisha mguu wa kutangulia kila kiunzi, na mdundo haumwingii kamwe.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mwalimu mmoja mstaafu nje kidogo ya mji wa Arusha, upande wa Meru. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba huku ameinama, kwa sababu alikuwa anapima kwa tepu. Ametengeneza viunzi vyake kwa mabomba ya plastiki, yale ya maji, ya nusu inchi. Miguu ameijaza mchanga kwa uzito. Ubao wa juu haukufungwa, umelazwa tu kwenye vishikio viwili, ukiguswa unadondoka. Alikuwa na viunzi sita na wasichana tisa, wengine peku, wengine na raba zilizotoboka kwenye kidole gumba.

"Mama, angalia hapa," aliniambia, akakigeuza kiunzi kimoja ili nione miguu yake. "Inatazama wanakotokea. Hili ndilo nimelisema shule tatu na bado wanageuza."

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwa kocha yeyote. Kabla ya mazoezi aliwapanga wale wasichana mmoja mmoja na kuwaamuru wavigonge. Asiruke mtu. Kimbia, gonga kwa goti, pita. Kwa zamu, kiunzi kimoja kimoja. Ubao ukadondoka, msichana akapita, akageuka nyuma kutazama kama kweli hakuumia. Wa pili vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya mdogo kuliko wote, mwembamba mwenye sketi ya shule aliyoifunga fundo pembeni, alisita, akamtazama mwalimu, akakimbia, akagonga. Akacheka kwa sauti. Mwalimu akarudisha ubao mahali pake na kuwaambia sasa warudi mstarini waanze kuhesabu nane.